Juu ya nini mtu wa agronomie anawaomba mufanye mise à jour

Najua mukiona jina langu munangojea habari ya mbegu ao ya bei ya mihogo. Leo hapana. Leo nataka niwaelezee namna tundu la usalama linapatikana na linazibwa ndani ya kerneli, ile roho ya kila ordinatere na kila telefone. Sikusoma informatique. Lakini nilifanya kosa moja ku kazi, na ili nielewe kosa langu nilipashwa kusoma. Nilipoelewa, nikakuta ni kitu ambacho sisi watu wa mashamba tunakijua zamani.

Mwaka 2022 nilikuwa natumika ku kooperative moja ya kahawa upande wa Kalehe. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha wakulima: jina, namba ya telefone, ukubwa wa shamba, pointi za GPS, na pesa ambayo kila mmoja alipokea ku kila msimu. Yote ilikuwa inaingia mu ordinatere moja ya mezani yenye Linux, juu Linux hailipishwi. Mu ofisi kulikuwa ma-stagiaire watano. Kila mmoja alikuwa na akaunti yake ndogo: anaingia, anaandika fishi zake, anatoka. Ile liste kubwa yenye pesa hawakuwa na ruhusa ya kuifungua. Mimi na gérant tu.

Mwezi wa 3, mdogo wetu mmoja aliyesoma informatique akaniambia: «Grand, kuko tundu mu kerneli. Tufanye mise à jour leo.» Nikamuuliza itakula mega ngapi. Akasema karibu 500, labda na zaidi. Nikaona forfait ya juma nzima inaenda. Nikamujibu: «Petit, mashini inatembea muzuri. Kitu chenye kinatembea hatukigusi.» Juma ine zikapita.

Mbele ya kuendelea, mukumbuke liste kama ile maana yake nini kwetu. Jina, mahali pa nyumba, namba, na pesa iliyoingia. Ikifika mu mikono mibaya, kuko papa mmoja atabishiwa mulango usiku. Mimi nilikuwa naangalia mega 500.

Kerneli njo nini?

Fikirini dépôt ya kooperative na magasinier wake. Hakuna mukulima anayeingia mwenyewe kuchukua mbolea. Anaomba, magasinier anaangalia mu kitabu kama jina lake liko na kama ana haki, kisha anamuletea. Kerneli njo ule magasinier. Programu zote, iwe ya kuandika, ya muziki ao ya kutuma ujumbe, hazigusi disk wala memoire moja kwa moja. Zinaomba kerneli. Kerneli inaangalia: huyu ni nani, ana ruhusa ya kusoma, ana ruhusa ya kuandika?

Kerneli ya Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Leo iko mu maserveri mengi ya dunia, na iko pia chini ya Android. Donc hata wewe mwenye hukuone Linux mu maisha yako, unaitembeza mu mfuko.

Sasa, programu ya kawaida ikiwa na kosa, inaanguka yenyewe ao inaharibu vitu vya mwenye kuitumia. Lakini magasinier mwenyewe akikosea, kufuli zote za dépôt hazina kazi tena. Ndiyo sababu tundu la kerneli linaogopesha kuliko matundu mengine: mtu mwenye akaunti ndogo kabisa anaweza kujifanya mukubwa wa mashini yote.

Faili zilizokuwa zinaoza pahali pamoja

Tundu ambalo petit alikuwa ananiambia linaitwa Dirty Pipe. Namba yake ni CVE-2022-0847. Aliyelipata ni programeri wa Ujerumani, Max Kellermann, na hakuwa anatafuta tundu. Alikuwa anatafuta sababu ya faili mbovu.

Mu mwezi wa 4 wa 2021, mteja mmoja wa kampuni alimokuwa anatumika alilalamika kama faili yake ya rejista, zile zinazoandika nani alifungua tovuti na saa ngapi, haifunguki. Kellermann akaitengeneza kwa mukono, akafunga dosie. Nyuma ya miezi, ikarudia. Tena ikarudia. Ni hapo akafanya kitu ambacho tunafundishwa ku phytopathologie: hakuangalia tu jani moja la mugonjwa, aliangalia ugonjwa unapatikana wapi na lini. Akachunguza faili za miezi 3 na kupata 37 zilizoharibika. Siku ya mwisho ya kila mwezi njo ilikuwa na faili mbovu kuliko siku zingine. Na kila moja ilioza pahali pamoja: baiti 8 za mwisho.

Tena kulikuwa serveri ya pili yenye faili zilezile, na kule hakuna iliyoharibika. Tofauti ya serveri mbili ilikuwa nini? Ile ya kwanza tu ndiyo ilikuwa inawatengenezea wateja faili za ZIP, zenye kukusanya siku zote za mwezi. Na zile baiti 8 zilizokuwa zinaingia mu rejista zilikuwa mwanzo wa kichwa ambacho ZIP inaandika nyuma ya faili ya mwisho. Njo maana siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa inaumia zaidi.

Lakini hapa kuko jambo gumu. Ile programu ya ZIP haikuwa na ruhusa ya kuandika mu rejista. Ilikuwa na ruhusa ya kusoma tu. Magasinier aliachaje mtu wa kusoma aandike? Kellermann akaandika programu mbili ndogo sana. Ya kwanza inaandika herufi A mu faili. Ya pili inasoma ile faili kupitia bomba, kisha inatia herufi B mu bomba. Akazitembeza pamoja. Herufi B zikaonekana ndani ya faili. Basi kosa lilikuwa ndani ya kerneli yenyewe.

Panga isiyosafishwa

Bomba, mu lugha ya Linux, ni njia ambayo programu moja inapitishia nyingine maneno. Ndani kuko vyumba, kwa kawaida 16, na kila chumba kinashika ukurasa mmoja wa baiti 4096. Kila chumba kina pia alama ndogo zinazoambia kerneli namna ya kukitumia. Moja ya alama hizo maana yake: «ukurasa huu haujajaa, unaweza kuongeza maneno palepale.» Kwa maneno ya kawaida alama hiyo ni ya haki kabisa. Inasaidia kutopoteza nafasi.

Kuko pia njia ya mukato. Kama programu inataka kutia faili nzima mu bomba, kerneli hainakili. Inaonyesha tu chumba cha bomba ukurasa wa faili ambao uko tayari mu memoire: «maneno yako hapa.» Ni haraka sana. Lakini ukurasa ule ni wa faili, si wa bomba. Kila programu yenye inasoma faili ile inasoma ukurasa uleule. Hapo alama ya «unaweza kuongeza» haipashwe kuwepo hata kidogo.

Kosa lilikuwa hili: kerneli ikitumia chumba cha zamani kwa ukurasa wa faili, haikusafisha alama. Alama ya mwenye kupita ilibaki. Basi maneno mengine yakiingia mu bomba, kerneli inaona alama, inafikiri ukurasa ni wa bomba, na inaandika ndani ya faili ya mwenyewe.

Wenzangu wa agronomie, hamuoni kitu hapa? Ni wilt ya migomba! Ule ugonjwa wa bakteria ulioonekana kwetu Masisi mwaka 2001 na kumaliza migomba ya Kivu. Tunawaambiaka wakulima kila siku: panga ikikata mgomba wenye ugonjwa, maji ya mgomba ule yanabaki ku panga. Ukienda ku mgomba muzima bila kuipitisha mu moto ao mu Jik, umeupeleka ugonjwa wewe mwenyewe. Panga si mbaya. Mukulima si mbaya. Kilichokosekana ni kusafisha kati ya mgomba na mgomba.

Na angalia vizuri: kati ya mgomba na mgomba, si asubuhi tu. Vyumba vya bomba vilikuwa visafi siku bomba linaundwa. Kerneli ilivitia sifuri vyote. Uchafu uliingia mu matumizi, chumba kilipotumiwa mara ya pili. Kwa hiyo sheria ya «tusafishe memoire yote mbele ya kuitoa», ambayo ni sheria nzuri na inaziba matundu mengi, isingetosha hapa.

Hatari yake ni gani? Mwenye akaunti ndogo, kama stagiaire, anaweza kubadilisha maneno ndani ya faili yoyote ambayo anaweza kuisoma. Faili yenye majina ya watumiaji wa mashini inasomwa na kila mtu. Akibadilisha mstari wa mukubwa, anaingia kama mukubwa. Kulikuwa na mipaka: hawezi kurefusha faili, na hawezi kuanza pa baiti ya kwanza ya ukurasa. Lakini ile inayobaki inatosha. Tena kerneli haijui kama ukurasa umebadilika, basi haiuandiki ku disk kwa sababu ya badiliko lile. Ukizima mashini, alama ya mwizi inaweza kupotea.

Namna kiraka kilivyofika

Kiraka chenyewe kingewachekesha. Mu sehemu 2 za kerneli, mstari mmoja mmoja wa kusema: alama za chumba hiki ziwe sifuri. Ni hiyo tu. Panga imepitishwa mu moto.

Lakini kazi kubwa haikuwa kuandika mstari. Ilikuwa kuufikisha ku watu mbele ya wezi. Angalieni tarehe. Tarehe 19 mwezi wa 2, 2022, Kellermann anaelewa kama ni tundu la usalama. Tarehe 20 anatuma maelezo na kiraka kwa kikundi cha usalama cha kerneli, kwa siri. Tarehe 21 anajaribu ku telefone ya Google Pixel 6, anaona nayo inashikwa, anaambia watu wa Android. Siku ileile kiraka kinawekwa mbele ya maprogrameri wote, lakini bila kusema kama kinaziba tundu. Kinaonekana kama usafi wa kawaida. Tarehe 23 zinatoka kerneli zilizotengenezwa: 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Kisha wanaotengeneza mifumo ya Linux wanajulishwa. Tarehe 7 mwezi wa 3, habari yote inatangazwa.

Juu ya nini kuficha kwanza? Juu kiraka ni barua yenye watu wote wanasoma. Mwema anaona pa kuziba, mwizi anaona pa kuingilia. Siku habari inatangazwa, saa inaanza kuhesabu kwa kila mtu ambaye hajatia kiraka. Mimi nilikaa juma ine mu hesabu ile, nikichunga mega.

Jambo lingine lililonishangaza: hakuna mtu mmoja aliyetia tundu hili. Mwaka 2016 mtu aliandika sehemu zenye kusahau kusafisha alama. Wakati ule haikuwa na shida, juu hakukuwa alama yenye hatari. Mwaka 2020, ku kerneli 5.8, mtu mwingine akapanga upya kazi ya bomba na kuweka ile alama ya «unaweza kuongeza». Naye kazi yake ilikuwa safi. Makosa yalikutana. Ni sawa na mukulima anayeazima panga bila kuosha miaka yote, hakuna kinachotokea, mpaka siku wilt inafika mu kijiji.

Ndiyo sababu kuziba tundu moja hakumalize kazi. Wanaotengeneza kerneli wanajiuliza: kuko pahali pengine ambapo tumesahau vilevile? Na tunaweza kufanya mtu asiweze kusahau? Tangu kerneli 6.1, mwisho wa 2022, wameanza kupokea pia lugha ya Rust mu kerneli. Mu lugha ile, ukiunda kitu chenye sehemu 5 na ukataja 4, programu inakataa kabisa kutengenezwa. Mu lugha ya C, yenye kerneli imeandikwa nayo karibu yote, kusahau kunapita kimya.

Na kiraka nacho kinaweza kukosea. Mbele ya Dirty Pipe kulikuwa Dirty COW, tundu lililokaa mu kerneli tangu 2007 mpaka likazibwa mwezi wa 10, 2016. Torvalds mwenyewe aliandika kama alijaribu kulitengeneza miaka 11 mbele, vibaya, na kazi ile ikaondolewa juu ilileta shida ku mashini za namna nyingine. Mwaka 2017 wakakuta kiraka cha 2016 kiliacha kipande kimoja wazi, cha kurasa kubwa za memoire. Wakatia kiraka juu ya kiraka. Donc mukisikia mise à jour nyingine nyuma ya ile ya jana, musiseme wanatusumbua.

Kwetu ilikwendaje?

Nilisoma hayo yote usiku mmoja, na liste yangu ikanirudia mu kichwa. Asubuhi nikanunua forfait na mfuko wangu, nikaandika `sudo apt update`, kisha `sudo apt upgrade`, nikangojea karibu saa mbili. Nikaita petit, nikamwambia kazi imekwisha. Yeye akaandika `uname -r`, na kerneli iliyoonekana ilikuwa ileile ya zamani, ya 5.13. Akacheka. «Grand, umenunua dawa na umeiacha mu mfuko.»

Hapa wengi tunaangukaka. Kerneli mupya ikiingia ku disk, ile ya zamani ingali inatumika mu memoire mpaka uzime na uwashe. Mu maserveri ya watu wakubwa kuzima ni shida. Kwetu, courant inatuzimia bila kutuomba ruhusa, lakini ofisi ile ilikuwa na batri na panneau, mashini ilikuwa haijazimwa tangu Noeli. Tukazima, tukawasha, `uname -r` ikaonyesha mupya.

Hakuna mtu aliyeiba liste, kwa vile tulivyoweza kuona. Nasema «kwa vile tulivyoweza kuona» juu niliwaelezea: tundu hili linaweza kutoacha alama. Ma-stagiaire wale walikuwa watoto wazuri. Lakini tundu halikuwa linawangojea wao tu. Lilikuwa linangojea yeyote anayejua neno la siri la mmoja wao, na maneno ya siri mawili yalikuwa yameandikwa ku karatasi pembeni ya ekrani. Nilikwenda kwa gérant nikamwambia yote, hata zile juma ine. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: «Na wakulima, tutawaambia nini?» Sikuwa na jibu. Tulikubaliana pointi za GPS na pesa zisikae tena mu faili moja, na ile ya pesa ikatolewa mu mashini ya watu wote.

Kwa hiyo, wenzangu, mambo machache ya kufanya.

Kama una mashini ya Linux, andika `uname -r`, lakini usitegemee namba peke yake. Ubuntu na Debian zinakamataka kiraka na kukitia mu kerneli ya zamani bila kubadilisha namba ya mbele. Kinachohesabika ni kama umefanya mise à jour na kama umewasha upya nyuma yake.

Kama mega ni shida, changeni. Paketi zenye mashini moja imepakua kwa `apt-get` zinabaki mu `/var/cache/apt/archives`, lakini kwa kawaida `apt` inazifuta nyuma ya kuzitia. Mashini nyingine yenye mufumo uleule inaweza kuzipokea ku clé USB. Ofisi 4 zinaweza kulipa forfait moja.

Kama ni telefone, ingia mu mipangilio, utafute tarehe ya kiraka cha usalama. Telefone nyingi tunazonunua za occasion hazipokei tena kitu. Dirty Pipe haikuzigusa zile za zamani, juu kerneli yao ni ya chini ya 5.8, lakini zinaweza kuwa na matundu ya miaka ya nyuma ambayo hakuna atakayeyaziba. Tumia telefone kama ile kwa kuita na kwa muziki. Liste ya wakulima, fishi za wagonjwa, majina ya watu uliowafanyia enquête ya mémoire, usiziweke mule.

Na kama wewe ndiye unayepokea data za watu, jua kama walikuaminia wewe. Papa aliyenionyesha shamba lake hakujua kerneli ni nini, na hakuwa na lazima ya kujua. Mimi ndiye nilikuwa na lazima.

Leo mu ile ofisi kuko karatasi ku ukuta, chini ya kalenda ya kupulizia kahawa dawa. Juma ya kwanza ya mwezi: mise à jour, kuzima, kuwasha, kuandika tarehe na jina. Petit njo aliiandika kwa mukono. Mara ya mwisho nilipopita kuwasalimia, mstari wa mwezi ule ulikuwa umejazwa.